Barua kwa mwanangu: aliyelala kitandani hana pa kwenda

Mwanangu,

Marahaba. Ujumbe wako wa sauti uliingia Jumapili jioni nikiwa nachambua mchele, nikausikiliza mara tatu. Mara ya kwanza nilisikia hasira tu. Mara ya tatu ndipo nikalisikia swali lenyewe, nikaweka ungo chini.

Umesema mfawidhi wa wodi alikuita baada ya kukabidhi zamu, akakutajia mambo manne. Utoe kucha za kubandika. Nywele zako za asili uzifanye "za kikazi". Uache kufungulia muziki kwenye simu zamu ya usiku. Na ile picha ya mtoto njiti uliyoiweka WhatsApp uifute. Kisha ukaniuliza: "Mama, wewe ndiye uliyenilea nisijifiche. Katiba yenyewe inanipa haki ya kujieleza. Sasa nikivaa sare, mimi nabaki wapi?"

Swali hilo si la kujibiwa kwenye simu huku mtu anaangalia salio. Nimekaa nalo siku nne.

Katiba yetu ya Tanzania nimeifungua, ile nakala ya marehemu baba yako iliyolegea jalada. Ibara ya 18 inakupa uhuru wa kuwa na maoni na kuyaeleza, hapo umesema kweli. Ukifunua kurasa chache utakutana na ibara ya 30, inayosema haki hizo zisitumiwe kwa namna ya kuingilia haki na uhuru wa watu wengine. Ukizisoma zote mbili unarudi palepale: mpaka uko wapi? Kitabu hakiwezi kukuonesha mpaka huo ukiwa umesimama katikati ya vitanda saa tisa usiku. Mimi nilioneshwa na mama mmoja ambaye nilimkosea, na habari hii sijawahi kukusimulia.

Nilikuwa na miaka minne kazini, wodi ya wazazi, hospitali ya mji wa baridi ambayo sitaitaja. Mwenzangu mmoja tuliyesoma naye chuo aliachwa nilipochaguliwa kwenda kozi ya ukunga. Maneno yakaanza: nimejipendekeza, nimepitia mlango wa nyuma. Nikayasikia kwa watu watatu. Sikumwendea kumuuliza. Nilikwenda dukani nikanunua doti ya kanga.

Wewe umekulia ndani ya kanga, huhitaji kuelezwa pindo, mji na jina. Bibi yako alinifundisha kwamba kanga huchaguliwa kwa jina kwanza, rangi baadaye. Muuzaji akikukunjulia, jicho linakimbilia pale chini penye maandishi. Hii ni sauti ya zamani sana kwa wanawake wa pwani. Kule Mombasa, duka la Kaderdina, lile la chapa ya Mali ya Abdulla, limekuwako tangu 1887, na majina ya kanga yaliandikwa kwa herufi za Kiarabu kabla ya kuja hizi tulizozoea. Mwanamke asiyeweza kumjibu mkwewe, mke mwenza au jirani kwa mdomo, alivaa jibu akatoka nalo kwenda kisimani. Kwa hiyo mtu asikwambie kwamba kutaka kusikika ni ulimbukeni wa vijana wa leo. Bibi zako walitaka kusikika, na walipata njia.

Jina nililochagua lilikuwa ALIYENIPA MIMI NDIYE ALIYEKUNYIMA WEWE. Kanga nyekundu, mji wenye maua meusi. Zamu ya usiku, mwezi wa saba, baridi inauma. Nikajitanda ile kanga mabegani juu ya gauni jeupe. Haikuruhusiwa, lakini usiku hakuna wa kukagua. Mwenzangu yule alikuwa zamu moja na mimi, amekaa kwenye meza ya wauguzi anajaza mafaili. Nikawa napita mbele yake taratibu, nikimpa mgongo, ili asome. Nilijisikia vizuri, siwezi kukuficha. Miezi miwili nilikuwa nimebeba maneno kifuani, na usiku ule niliyatua.

Kitanda cha sita alilala mama mmoja aliyejifungua jioni. Mtoto alizaliwa hapumui. Tulimhangaikia, hakurudi. Enzi hizo aliyepoteza mtoto alilazwa wodi moja na waliojifungua salama, kwa hiyo kulia kwake na kushoto kwake watoto walikuwa wananyonya. Nikaja kubadilisha dripu ya kitanda cha tano. Niliinama, mgongo wangu ukiwa upande wake, taa ya ukutani inamulika moja kwa moja.

Nikasikia, "Sista."

Nikageuka.

"Hayo maneno ni yangu?"

Hakuuliza kwa ukali. Aliuliza kama mtu anayeuliza kama dawa aliyopewa ni ya kwake au ya jirani. Blauzi yake ilikuwa imelowa madoa mawili kifuani, maana maziwa hayajui kama mtoto amefariki, hushuka tu. Nikamwambia, "Hapana mama, si yako." Nikaivua ile kanga, nikaikunja maandishi yakiwa ndani, nikaishika bila kujua niiweke wapi. Yeye akageukia ukutani, pole pole, kwa kuwa alikuwa na mishono na dripu mkononi. Zaidi ya kugeuka hakuwa na la kufanya.

Nilimwambia si yake, na kweli sikuinunua kwa ajili yake. Lakini kanga haina anwani, mwanangu. Ukishaivaa mbele za watu inamsemesha kila ajuaye kusoma, kila mmoja na donda lake. Mimi nilikuwa nazungumza na mtu mmoja aliyekaa mezani. Aliyenisikia alikuwa mwingine.

Nimeifikiria sana tofauti ya usiku ule na sherehe yoyote ya harusi. Harusini ningevaa kanga ileile, mwenzangu angeona, angebenua mdomo, angehama jamvi. Au angeondoka, akarudi siku ya pili amevaa jina kali kuliko langu. Tazama taarabu: mtu anainuka kwenda kumtunza mwimbaji, noti mkononi, anampitia hasimu wake karibu kabisa huku ubeti ule unaimbwa. Hasimu naye anasubiri wimbo unaofuata, ananyanyuka kwa zamu yake. Wote wawili wamejipamba, wamekuja kwa miguu yao, na mlango uko wazi. Pale maneno hata yakiwa makali, hayamwonei mtu. Mama wa kitanda cha sita hakuja kwangu kupokea mpasho. Alikuja kujifungua.

Tangu hapo, kila nilipotaka kutoa la moyoni mbele za watu, nimejiuliza jambo moja: huyu aliye mbele yangu anaweza kuondoka? Kama anaweza, najipa uhuru mkubwa. Kama hawezi, iwe amelazwa, au amebanwa dirishani kwenye daladala, au ni mtumishi aliye chini yangu anayehofia kazi yake, basi sauti yangu naipima. Hicho ndicho kipimo nilicho nacho, na mambo yako manne nimeyapitisha humo. Hayakutoka sawa.

Kwenye kucha sitakubembeleza. Zitoe leo.

Unawagusa watoto wa gramu 900, gramu 1,100, ambao ngozi yao ni kama utando wa maziwa yaliyopoa. Chini ya kucha ndefu vijidudu hukaa hata baada ya kunawa, na chini ya za kubandika hukaa zaidi, kwa kuwa kuna upenyo kati ya kucha yako na ile ya plastiki ambao maji na kitakasa mikono havifiki. Glavu nayo hutoboka kwenye ncha. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa usafi wa mikono, wa mwaka 2009, uko wazi: anayemhudumia mgonjwa kwa mikono asivae kucha bandia, na zake za asili zisifike nusu sentimita. Kule Oklahoma City, Marekani, kati ya 1997 na 1998, wodi ya wachanga mahututi iliingiliwa na bakteria aitwaye Pseudomonas aeruginosa. Watoto 46 walikutwa naye, 16 kati yao wakafariki. Waliochunguza walifuatilia mikono ya wahudumu, na miongoni mwa waliohusishwa na maambukizi wakawamo wauguzi wawili, mmoja mwenye kucha ndefu za asili, mwingine ndefu za bandia. Hawakusema kucha pekee ndizo zilizoua. Walisema huenda zilichangia. Mimi, kwa mtoto wa gramu 900, hiyo "huenda" inanitosha.

Najua kucha zile unazipenda. Najua ulitumia saa mbili kwenye kile kibanda, na rangi ya zambarau inakupendeza. Ukipata likizo bandika, unitumie picha, nami nitaziangalia kwa furaha. Lakini mtoto aliye ndani ya kile kisanduku cha joto hawezi kusogeza hata kichwa kuepa kidole chako.

Nywele ni habari nyingine kabisa, na hapo niko upande wako.

Bibi yako, aliyekuachia jina, alikuwa msichana wa miaka ishirini Dar es Salaam mwaka 1968. Alifanya kazi ya kuuza vitambaa kwenye duka la Mhindi. Mwaka ule, mwezi wa Oktoba, Umoja wa Vijana wa TANU ulipitisha azimio la kupiga marufuku gauni fupi, mawigi, suruali za kubana na mikorogo ya kujichubua, kwamba si utamaduni wetu. Ndiyo iliyoitwa Operesheni Vijana, na ilitangazwa ianze kutekelezwa tarehe 1 Januari 1969. Lakini hata kabla ya tarehe hiyo, vijana walikuwa tayari wanawashusha wasichana kwenye mabasi pale Kariakoo na kuwachania nguo kwa sababu ya pindo kuwa juu ya goti. Kwa jina la heshima kwa jamii, msichana alivuliwa nguo barabarani.

Bibi hakuguswa. Alirudi nyumbani kwa njia za uchochoroni, akachukua sindano, akashusha pindo la gauni lake vidole vinne. Gauni lile alilihifadhi. Nilipokuwa mdogo alinionesha: kitambaa cha maua ya njano, na juu ya pindo jipya mstari wa vitundu vidogo vidogo, alama ya pindo la zamani. Ukiliinua kwenye mwanga unaviona vyote. Hakunipa maelezo marefu. Alisema, "Hapa ndipo walipotaka nifike," akagusa pindo la chini. "Na hapa ndipo nilipokuwa," akagusa vitundu.

Ndiyo maana mtu anapokuambia uwafikirie wengine, msikilize, halafu uangalie anataka ushushe pindo gani. Kuna anayeumia na kuna anayekereka tu. Yule mama wa kitanda cha sita aliumia. Mtu anayeona nywele za Kiafrika zilizosimama akasema "hazina mpangilio" amekereka, na kukereka kwake hakumpi mamlaka juu ya kichwa chako. Nywele zinazoota zenyewe si ujumbe uliomwandikia mtu. Ndivyo ulivyozaliwa, na nilizichana mimi kila Jumapili kwa mafuta ya nazi mpaka ukafika darasa la saba.

Linalomhusu mgonjwa ni kwamba nywele zisimdondokee mtoto na zisiingie kwenye chombo kilichotakaswa. Zifunge nyuma, vaa kofia yako, basi. Kisha mwendee mfawidhi. Usimwendee wakati wa ripoti mbele ya wanafunzi na madaktari, maana pale naye atakuwa amebanwa, hawezi kuondoka wala hawezi kukubali amekosea mbele ya walio chini yake. Subiri watu watawanyike. Mwambie, "Sista, kucha nimetoa, ulisema kweli. Kuhusu nywele, nikizifunga hivi, kuna kanuni gani iliyoandikwa ninayoivunja?" Ukishauliza, nyamaza umsubiri. Kama kuna kanuni, aisome. Kama hakuna, atajua mwenyewe. Ukianza na kucha atasikia kwamba hubishi kila kitu.

Muziki: zima. Masikio ya njiti hayajakomaa, na zaidi ya hapo usingizi ndio anaotumia kukua. Chama cha madaktari wa watoto cha Marekani kilipendekeza tangu 1997 kelele katika wodi zao zisizidi desibeli 45, na simu iliyowekwa juu ya meza ya chuma inapita hapo bila shida. Lakini imba. Unapombadilisha nepi, imba kwa sauti ya pumzi kama nilivyokuimbia, mama zao wasikie nao waige.

Na sasa picha. Hiyo ndiyo iliyoninyima usingizi, kwa sababu najua uliiweka kwa mapenzi. Kofia ndogo ya uzi, mkono wako nyuma ya kichwa chake, na maneno yako: "Kashujaa kangu ka gramu 980." Niliiona kabla hujaniambia. Nikafurahi. Halafu nikaikuza kwa vidole viwili, na kwenye kikaratasi kilichobandikwa kitandani nikasoma jina la mama yake, lote, na tarehe.

Kama umeifuta, vema. Kama hujaifuta, weka barua hii chini ukaifute, kisha urudi.

Kwetu mtoto mchanga hutolewa nje siku ya arobaini. Bibi zetu walijua kwa nini: mtoto bado yuko njia panda, na mama yake bado hajawa na nguvu ya kujibu maswali ya watu. Wewe umemtoa siku ya tisa, mbele ya kila mwenye namba yako. Pengine mama yule hajawaambia wakwe zake kwamba mtoto alikuja na wiki 28. Pengine alitaka asubiri aone kama ataishi ndipo amwambie mtu. Pengine alikuwa ameshapoteza wawili, na hataki tena macho ya watu. Hukumuuliza. Furaha ilikuwa yako, lakini habari ilikuwa yake.

Siku hizi iko pia sheria, Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, ilianza kufanya kazi tarehe 1 Mei 2023, na habari za afya ya mtu ni miongoni mwa zile inazozilinda kwa uzito wa pekee. Lakini nisingependa uifute kwa kuogopa sheria. Siku ile ulipoapishwa nilikaa kiti cha pili kutoka mbele. Ulishika mshumaa, nta ikakudondokea kidoleni, hukutikisika, ukasema kwa sauti kwamba utatunza siri za wagonjwa wako. Nililia. Mwendee mama yule, ukae kwenye ukingo wa kitanda chake, umwambie uliweka picha, umeitoa, na unaomba radhi. Itakuwa ngumu. Atakuwa na haki ya kukasirika, na safari hii wewe ndiye utakayekaa usiondoke.

Kuna wenzako, na walikuwapo wenzangu, wanaotumia maneno "mimi ndivyo nilivyo" kama leseni. Mzazi analia kwa uchungu, anaambiwa, "Ulipokuwa unaitafuta ulilia hivyo?" Ukimkemea aliyesema, anajibu kwamba yeye hana unafiki, lililo moyoni liko mdomoni. Nimesikia maneno hayo yakisemwa kwa wanawake waliolala na miguu imepanuliwa, wasio na nguo, wasioweza hata kufunga mlango. Sijawahi kuona ushujaa wowote ndani yake. Mtu yuleyule mganga mkuu akiingia, ulimi wake unalainika mara moja. Kumbe anaweza kuuzuia. Anachagua tu wa kumzuilia.

Lakini nisikie vizuri hapa, maana naogopa ukasoma barua yote ukadhani nakwambia uwe mpole na mtulivu basi. Ziko saa ambazo kunyamaza ndiko kumtupa mgonjwa. Daktari ameandika dozi, wewe unajua mtoto ana gramu 1,250, na dozi ile ni ya mtoto wa kilo tatu na nusu. Amechoka, hajalala, hapendi kusahihishwa, na wewe ni mdogo. Hapo usipime sauti yako. Sema. Sema mara ya kwanza kwa adabu: "Daktari, naomba tuhesabu pamoja." Asipokusikia, rudia, mwite mfawidhi, kataa kuchoma. Atakayekasirika anaweza kwenda kukasirikia ofisini kwake. Mtoto hawezi. Ule ulimi niliokulea nao, usioogopa, uko kwa ajili ya dakika kama hiyo, na ningeumia sana nikisikia uliutumia kutetea kucha ukaukosa pale.

Sasa umeniuliza, mimi nabaki wapi?

Aliyenifundisha ukunga alikuwa mama mmoja mnene, mfupi, asiyecheka ovyo. Sare yake ilikuwa kama zetu sote, kucha fupi, hana hereni. Tulikuwa tunatumia kile kipimo cha mapigo ya mtoto cha chuma, kilicho kama tarumbeta ndogo, unakiweka tumboni kwa mama upande mmoja na sikio lako upande wa pili. Asubuhi za baridi kile chuma ni kama barafu. Sisi tulikiweka tu, mama anashtuka, tunaendelea kusikiliza. Yeye alikifumbata kwanza kiganjani, akakisugua kwa kidole gumba huku anamuuliza mama jina la kijiji chake, mpaka kikapata joto. Ndipo anakiweka. Hakuna kanuni iliyomwamuru, na hakuna mtihani ulioliuliza jambo hilo. Wanawake walipokuja na mimba ya pili, ya tatu, walikuwa hawalijui jina lake, lakini walisimama dirishani wakauliza, "Yule sista wa kipimo cha moto yupo leo?"

Mimi mwenyewe nilichukua miaka kupata la kwangu. Nilikuwa nawasalimia wazee wanaosubiri nje, mmoja mmoja, shikamoo kwa kila mmoja, hata foleni iwe ndefu, kwa sababu baba yangu aliwahi kukaa kwenye benchi kama lile kutwa nzima na hakuna aliyemsalimia. La kwako sijui litakuwa lipi. Nadhani limeshaanza, kwa jinsi mkono wako ulivyokaa nyuma ya kile kichwa kwenye ile picha. Mimi mama yako niliutambua mkono ule hata kabla sijasoma jina lako juu, na wala si kwa sababu ya kucha.

Nimekutumia mzigo. Ni doti sita za kanga, si zako, ni za wodi. Ulisema akina mama wengi wanafika hawana kanga ya pili ya kumfungia mtoto kifuani kwa ile huduma ya kangaruu, na iliyopo ikifuliwa mtoto anabaki bila joto la mama. Nimezifua mara mbili zilainike na utoke wanga wa dukani, lakini zifueni tena hukohuko kwa utaratibu wenu. Nilisimama dukani zaidi ya saa moja. Muuzaji alinitolea zenye majina ya kushukuru kwa mtoto, majina ya kumsifu mama, nzuri sana, nikazirudisha zote, kwa kuwa niliwafikiria wale ambao hawatatoka na mtoto. Nimechukua POLEPOLE NDIYO MWENDO, rangi mbili, buluu na njano. Njiti anaongezeka gramu ishirini kwa siku, nikaona mama yake anaweza kukaa na maneno hayo kifuani mchana na usiku. Ukiona yapo yasiyofaa kwa mmoja wao, mfungie yakiwa kwa ndani.

Mzigo uko na konda wa basi la asubuhi, nimeuandika jina lako na namba ya simu. Linafika saa nane mchana. Nenda mapema, na umpe konda elfu mbili yake, nilimwahidi.

Mama yako